Likizo ya Uzazi kwa Wasio na Mwajiri: Suala la Uvira na Mwambao wa Kaskazini wa Tanganyika

Sheria ya Kazi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyotangazwa tarehe 16 Oktoba 2002, humpa mwanamke aliyeajiriwa majuma 14 mfululizo ya likizo ya uzazi, yaani sita kabla ya kujifungua na yasiyozidi manane baada yake, na humhakikishia theluthi mbili za ujira wake katika muda huo wote. Haki hii ni njema na haina budi kulindwa. Hata hivyo, katika mji wa Uvira na vijiji vilivyojipanga kando ya Ziwa Tanganyika kuelekea Makobola, Mboko na Baraka, wanawake wanaoweza kuidai ni wachache, kwa sababu sehemu kubwa yao hawana mwajiri wa kumpelekea barua ya kuomba likizo. Suala linalochambuliwa hapa ni iwapo mwanamke anayejiajiri, yaani yule anayefanya kazi kwa mtaji wake mwenyewe au wa kukopa, bila mkataba wala mshahara, anastahili mapumziko ya uzazi yenye kipato, na kama anastahili, ni nani abebe gharama yake.

Ili suala hili lieleweke, ni lazima kwanza itazamwe kazi yenyewe. Anayeishi kwa biashara ya ndagala, yaani samaki wadogo wa ziwani, hufuata saa za wavuvi, ambao huondoka jioni na taa zao na kurudi alfajiri, na bei hupangwa papo hapo ufukoni, hivyo asiyekuwepo hununua baadaye kwa mchuuzi mwingine na faida yake hupungua. Samaki hao hupimwa kwa beseni, huanikwa juu ya mchanga au juu ya vichanja, na hugeuzwa mara kwa mara huku mwanikaji akiwa ameinama, na mvua ikinyesha ghafla kabla hawajakauka, mtaji mzima huweza kuoza katika mchana mmoja. Zaidi ya hayo, mwezi unapokuwa mpevu mwanga wake hudhoofisha nguvu ya taa za wavuvi, uvuvi husimama kwa siku kadhaa, na kipato cha mwezi mzima hutegemea majuma ya giza. Kwa mwanamke wa namna hii, kujifungua katika majuma hayo ni kupoteza msimu mzima mdogo wa mapato, na kukaa nyumbani kwa miezi mitatu ni kuula mtaji ambao ndio kiti, meza na ajira yake.

Sheria haikumsahau kwa bahati mbaya, bali ilijengwa juu ya msingi usiomhusu. Tarehe 15 Julai 2016 zilitangazwa sheria tatu zenye uzito mkubwa kwa wanawake wa Kongo: namba 16/008 iliyorekebisha Sheria ya Familia na kumwondolea mke hitaji la idhini ya mume katika matendo ya kisheria, namba 16/009 iliyoweka upya mfumo wa jumla wa hifadhi ya jamii, na namba 16/010 iliyorekebisha Sheria ya Kazi. Hifadhi ya jamii ni utaratibu ambao kwao watu huchangia wakiwa na nguvu ili wasaidiwe wanapougua, wanapozeeka au wanapojifungua, na nchini Kongo husimamiwa na mfuko wa taifa ujulikanao kwa kifupi CNSS. Sheria namba 16/009 iliongeza posho za uzazi katika tawi la mafao ya familia, lakini tawi hilo hulishwa na mchango wa asilimia 6.5 ya mshahara unaotolewa na mwajiri peke yake. Pasipo mshahara hakuna asilimia ya kukata, na pasipo mwajiri hakuna wa kuikata. Kwa hiyo mwaka uleule ambao mke alipata uhuru kamili wa kufanya biashara kwa jina lake, mlango wa ulinzi wa uzazi ulibaki wazi kwa walioajiriwa tu.

Pengo hili lina uzito wa kimaadili kwa sababu dola humtambua mfanyabiashara huyo vizuri sana katika nyanja nyingine. Sheria ya biashara ndogo humtaka awe na patenti, ambayo ni hati ya kumruhusu kuuza, na sokoni hutozwa ushuru wa meza. Anayelipa kodi kwa kazi yake amekwisha kukubaliwa kuwa ni mfanyakazi, na haiwezekani akubaliwe siku ya kutozwa na kukataliwa siku ya kujifungua. Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika kuhusu haki za wanawake uliopitishwa mwaka 2003 na ambao Kongo imejiunga nao, inasema jambo hilo waziwazi katika kifungu chake cha 13, kinachozitaka serikali ziunde mfumo wa ulinzi na bima ya jamii kwa wanawake wa sekta isiyo rasmi, na pia zihakikishe likizo ya uzazi yenye malipo.

Huenda ikasemwa kwamba serikali imekwisha kuchukua hatua kwa kuanzisha mpango wa kujifungua bila malipo, uliozinduliwa Kinshasa mwezi Septemba 2023 kabla ya kupelekwa katika mikoa mingine. Mpango huo unastahili kuungwa mkono, lakini ni vyema kutenganisha gharama mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Gharama ya kwanza ni ya kuzaa, nayo hulipwa hospitalini kwa siku chache. Ya pili ni ya kupumzika, nayo hulipwa nyumbani kwa majuma mengi, kwa njia ya chakula, kodi ya nyumba na madeni yasiyongoja. Mwanamke aliyejifungua bure anaweza kurudi ufukoni baada ya juma moja kwa sababu tu unga umekwisha, na hapo sehemu ya faida iliyopatikana wodini hupotea.

Hasara hiyo si ya mtu mmoja. Wataalamu wa afya huhesabu siku 42 baada ya kujifungua kuwa ni kipindi ambacho mwili wa mama bado umo hatarini, na Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2013–2014 ulikadiria vifo vya uzazi nchini kuwa 846 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, na ukaonyesha wastani wa watoto 6.6 kwa mwanamke. Ukizidisha idadi hiyo kwa majuma 14, utapata zaidi ya majuma 90, yaani karibu miaka miwili katika maisha ya mwanamke mmoja. Muda mrefu kiasi hicho hauwezi kuitwa dharura ndogo ambayo kila kaya itajua namna ya kuimudu. Uvira, ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara, mtoto anayeachishwa mapema na kupewa maji yasiyo salama huwekwa katika hatari zaidi.

Nchi nyingine zimejaribu njia mbalimbali. Uingereza hulipa posho ya uzazi kwa wanaojiajiri kwa muda usiozidi majuma 39, na Ufaransa, tangu mwaka 2019, imewapa wanaojiajiri siku 112, sawa na waajiriwa. Jambo la kuangaliwa zaidi huko Ufaransa ni posho ya wakulima wanawake, ambayo hulipia mtu wa kushika kazi shambani wakati mama amepumzika, kwa kuwa imetambuliwa kwamba ng'ombe hawangoji. India, kwa mpango ulioanza 2017, hutoa rupia 5,000 kwa mjamzito hata kama hana mwajiri. Kuna basi njia tatu: bima ya kuchangia, fedha taslimu kutoka hazina ya umma, na malipo ya mbadala. Bima peke yake haifai Uvira, kwani kipato kinachopanda na kushuka na mwezi hakiruhusu mchango wa kila mwezi ulio sawa. Ruzuku ya serikali peke yake ni dhaifu pia, kwani hutegemea hazina iliyoko mbali na yenye mahitaji mengi.

Msingi ulio imara zaidi upo tayari miongoni mwa wanawake wenyewe. Katika Kivu Kusini vimeenea vikundi viitwavyo MUSO, yaani vyama vya kusaidiana ambavyo wanachama wake hukutana kwa ratiba maalumu na kuchangia mbele ya wote. Fedha zake hugawanywa katika mifuko: wa kijani ni wa akiba na mikopo, mwekundu ni wa msaada usiorudishwa mwanachama anapopatwa na msiba, ugonjwa au uzazi, na wa bluu hupokea fedha kutoka nje ya kikundi. Mfuko mwekundu ni bima ya uzazi katika hali yake ya awali, lakini ni mdogo mno kuweza kulipa majuma 14. Sheria namba 17/002 ya tarehe 8 Februari 2017 kuhusu misingi ya vyama vya kusaidiana inatoa mwanya wa kuvitambua na kuviunganisha. Kama kila faranga inayowekwa kwa ajili ya uzazi ingeongezwa nyingine kutokana na ushuru wa masoko na ruzuku ya serikali, posho ya kiwango kimoja kwa wote, isiyotegemea hesabu ya kipato, ingewezekana.

Mapingamizi yapo na yanastahili kujibiwa. Wapo wanaohofia udanganyifu; lakini kadi ya kliniki ya wajawazito na hati ya kuzaliwa ni ushahidi wa kutosha, na kuzidai kungewavuta wanawake wengi zaidi kliniki. Wapo wanaosema posho itachochea uzazi. Hata hivyo, wastani wa watoto 6.6 ulifikiwa bila posho yoyote, na mama mwenye mtaji usiokatika huwa na uwezo mkubwa wa kupanga maisha yake. Pingamizi zito zaidi ni la vita. Baada ya Bukavu, makao makuu ya mkoa, kuchukuliwa na waasi wa M23 mwezi Februari 2025, uongozi wa mkoa ulihamia Uvira, na mwezi Desemba mapigano yakaufikia mji wenyewe. Ni kweli kwamba hakuna mfuko wa umma unaostawi chini ya risasi. Lakini hoja hiyo inadhihirisha ubora wa mfumo ulioanzia katika vikundi, ambavyo wanachama wake hujuana na huweza kukutana tena popote walipokimbilia, kuliko mfumo unaosubiri ofisi zifunguliwe.

Aidha, likizo ya asiyeajiriwa si fedha tu. Mwajiriwa hurejea na kukuta kazi yake ikimngoja, ilhali muuzaji wa soko la Mulongwe anaweza kurejea na kukuta meza yake imepewa mwingine, na deni lake limekua. Mambo haya mawili yanaweza kurekebishwa na mji wenyewe bila kungoja Kinshasa. Uongozi wa soko unaweza kuandika kanuni kwamba meza ya aliyejifungua hubaki yake kwa majuma 14, inaweza kushikwa kwa muda na mtu mzima aliyemteua, wala si binti anayetolewa shuleni, na haitozwi ushuru katika muda huo. Vikundi na taasisi za mikopo midogo vinaweza kuandika katika mikataba yao kwamba marejesho husimama kwa muda uleule bila riba.

Kwa hiyo jibu la swali lililoulizwa ni kwamba mwanamke anayejiajiri anastahili mapumziko yaleyale anayopata mwajiriwa, na gharama yake igawanywe kati ya kikundi chake, soko linalomtoza na dola inayomtambua. Kutunza meza na kusitisha marejesho ya mkopo kunaweza kuanza sasa, maana kunahitaji uamuzi kuliko fedha. Posho ifuate kadiri mifuko ya vikundi inavyoongezewa nguvu. Na Bunge, litakapoirudia sheria ya hifadhi ya jamii, liandike jina la mwanamke huyu ndani yake. Uzazi ni kazi inayoliendeleza taifa zima, na si haki kwamba gharama yake ilipwe kwa mtaji wa mama peke yake.