Nani Atie Saini Barua Zinazoandikwa na Mashine?

Walimu-wanafunzi wengi wanaomaliza masomo siku hizi huondoka chuoni wakijua kutumia lahajedwali kuweka alama, kutafuta wastani na kupanga matokeo ya darasa. Baadhi yao wamekwenda mbele zaidi. Wamejifunza kuandika skripti, yaani maagizo mafupi ambayo kompyuta huyafuata ili isome kila mstari wa jedwali na kumpelekea kila mzazi barua pepe yenye jina la mtoto wake na alama zake. Kazi iliyokuwa ikimfanya mwalimu wa darasa la watoto 80 akeshe siku kadhaa, sasa huisha kabla chai haijapoa. Twaipokea hatua hii kwa furaha, wala hatumo miongoni mwa wale wanaodhani kwamba kila chombo kipya huja kumfanya mwalimu mvivu. Lipo jambo moja tu ambalo tungependa lizungumzwe kwa kirefu kidogo, nalo ni mistari mitatu minne ya mwisho wa barua hizo, yaani saini.

Mwalimu anayetumia Majedwali ya Google hushangaa kuona kwamba saini aliyoipanga katika Gmail, ambayo hujitokeza yenyewe kila aandikapo barua kwa kawaida, haionekani katika barua zilizotumwa na skripti. Hapana kilichoharibika. Saini ile hukaa katika dirisha la kuandikia barua, na skripti haipitii dirishani humo. Hutuma maneno yale tu iliyopewa. Dawa yake ni nyepesi. Mwalimu aandike saini yake katika seli moja ya ukurasa wa pembeni wa jedwali lile lile, kisha aiagize skripti iisome seli hiyo na kuibandika mwisho wa kila barua. Ikiwa barua imeandikwa kwa HTML, asisahau kuweka alama ya kukata mstari kila panapostahili, ama sivyo jina, cheo na shule vitasongamana pamoja kama abiria wa daladala ya asubuhi. Inawezekana pia kuiagiza skripti ikaichukue saini ile ile ya Gmail, lakini njia hiyo hudai ruhusa za ziada, na kwa shule ya msingi hatuoni faida yake.

Wanachuo wengi wakishapata jibu hilo huridhika. Sisi haturidhiki. Twaona kwamba mashine, kwa kutotia saini yenyewe, imemrudishia mwalimu swali ambalo ni lake hasa: saini hii inathibitisha nini?

Katika ripoti ya karatasi jibu lilijulikana. Mwalimu wa darasa alijaza alama kwa mkono wake, akaandika maoni, akatia saini. Mwalimu mkuu akapitia, naye akatia saini na kupiga muhuri. Mtoto akaipeleka nyumbani, na mzazi akatia saini yake kuonyesha kwamba ameiona. Kila saini ilikuwa na jicho nyuma yake. Hata mzazi aliyepiga dole gumba alihesabiwa kuwa ameshuhudia. Na baada ya mwaka 1970, ambao ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, walikuwapo wazee waliojifunza kuandika majina yao na wakaona fahari kuyaandika mahali pale palipokuwa pakiwekwa dole. Barua ya skripti inaweza kubeba saini 80 bila jicho hata moja kupita juu yake.

Hasara yake si ya kufikirika. Tuchukue jedwali lenye majina katika safu ya kwanza na alama katika safu zinazofuata. Mwalimu anataka majina yafuatane kwa alfabeti. Akiichagua safu ya majina peke yake na kuipanga, majina yatahama na alama zitabaki palepale. Jedwali halitaonyesha dalili yoyote ya ugonjwa: kila mtoto ana alama, kila alama ina jina, na wastani wa darasa haukubadilika hata kwa nukta moja. Skripti itazituma barua zote bila kusita, na chini ya kila moja litakuwapo jina la mwalimu. Mtoto aliyepata 82 katika Hisabati ataandikiwa 31. Mzazi wake hatapiga simu shuleni kwanza. Atamwita mtoto. Wanaofahamu jinsi baadhi ya nyumba zetu zinavyozipokea alama mbaya wanajua kwamba fimbo haingoji masahihisho, na kwamba barua ya pili, ya kuomba radhi, haifuti kilichokwisha kutendeka.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba saini isiandikwe mara moja katika skripti na kuachwa ijirudie yenyewe, bali ifungamanishwe na usomaji. Katika jedwali iongezwe safu moja, iitwe "Imesomwa". Mwalimu akae na daftari lake la alama, alinganishe mstari mmoja baada ya mwingine, na kila mstari aliouridhia auwekee alama ya tiki. Skripti iagizwe kupeleka barua za mistari yenye tiki tu, na ikishapeleka iandike tarehe katika safu nyingine ili mzazi asipelekewe barua ile ile mara mbili. Maagizo ya kufanya hivyo hayazidi mistari michache, na mwanachuo aliyeweza kuandika skripti ya kwanza ataiweza na hii.

Wapo wenzetu watakaouliza: ikiwa twarudi kuzisoma zote, mashine imetusaidia nini? Imetuokoa na kuandika. Kusoma haijatuokoa, wala hatukuiomba itufanyie. Isitoshe, Google yenyewe huwawekea kikomo wenye akaunti za bure: kwa njia ya skripti hawawezi kupeleka barua kwa watu zaidi ya 100 kwa siku. Mwalimu mwenye darasa la watoto 130, na madarasa hayo tunayafahamu, hana budi kugawanya kazi yake katika siku mbili. Muda wa kusoma basi upo, apende asipende.

Kuhusu yaliyomo katika saini, tusijaze mapambo. Jina kamili la mwalimu, darasa analolisimamia, shule, namba ya simu ya kupatikana na saa za kupatikana, basi. Picha ya saini ya mkono isibandikwe: inaonekana ya heshima, lakini mtu yeyote anayeipokea anaweza kuinakili na kuitia katika barua ya ruhusa au cheti. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua saini ya kielektroniki, na saini hiyo si lazima iwe mchoro wa wino. Kubwa zaidi, barua iweze kujibiwa. Skripti hukubali kupewa anwani ya kupokelea majibu. Anwani hiyo iwe ya mtu anayeifungua kila siku. Barua ya shule inayomwambia mzazi asiijibu tunaiona kuwa ufidhuli, hata kama kampuni na mabenki yameizoea.

Ni kweli kwamba si kila mzazi ana barua pepe. Kibaha, hasa maeneo ya Maili Moja na Tumbi, wapo wazazi wengi waajiriwa wanaosoma barua pepe kila siku kazini. Kisarawe, ukishauacha mji na kuelekea Maneromango au Mzenga, mlezi wa mtoto huenda akawa bibi yake, mkulima wa mihogo na korosho, mwenye simu ndogo anayoichangia na jirani. Jedwali lile lile laweza kumhudumia kila mmoja kwa namna yake: huyu barua pepe, huyu karatasi iliyochapwa na kutiwa saini kwa kalamu, na yule ujumbe wa simu. Ujumbe mmoja wa simu huchukua herufi 160 tu, na mwalimu aliyebanwa na nafasi hushawishika kukata jina lake kwanza. Heri akate salamu. Bibi yule akipata habari ya alama mbaya kutoka namba asiyoijua, bila jina, atadhani ni matapeli, na siku hizi hatuwezi kumlaumu. Na barua ziende moja moja, wala si kwa orodha moja ambayo kila mzazi aona anwani za wenzake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na anwani ya mzazi pamoja na alama za mtoto wake zimo ndani ya ulinzi huo.

Mwalimu-mwanafunzi aliye katika mazoezi ya kufundisha ana tahadhari yake ya pekee. Aghalabu yeye ndiye fundi wa kompyuta shuleni, na walimu wenyeji humkabidhi kazi yote kwa imani. Asitie jina la mwalimu wa darasa chini ya barua ambazo mwalimu huyo hajazisoma, hata akiambiwa "wewe tuma tu". Aitengeneze skripti, aioneshe inavyofanya kazi, kisha ampishe mwenye darasa kitini ili aweke tiki mwenyewe. Kama ni lazima jina la mwanachuo lionekane, liandikwe kwamba ni mwanachuo wa mazoezi, na chini yake jina la mwalimu anayebaki baada ya mazoezi kwisha.

Hapo ndipo penye shida ambayo bado haijazungumzwa vya kutosha mashulenijani. Skripti iliyowekewa saa ya kujiendesha yenyewe hufanya kazi kwa akaunti ya yule aliyeiwekea saa hiyo. Mwalimu akihamishwa kutoka Kisarawe kwenda Mafia katikati ya mwaka, barua zitaendelea kutoka katika anwani yake, zikiwa na jina lake, juu ya watoto ambao hawafundishi tena. Siku ya makabidhiano, pamoja na daftari la mahudhurio na azimio la kazi, jedwali nalo likabidhiwe: anayeondoka aizime saa ya skripti katika akaunti yake, afute jina lake katika seli ya saini, na mwalimu anayepokea aandike la kwake baada ya kuyapitia majina ya darasa, mtoto kwa mtoto.