Kirusi cha kitabuni na Kirusi cha mkono

Wadau, tangu Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kifunguliwe Moscow mwaka 1960, vijana wa Afrika wanakwenda kusoma huko. Anayedhani kukariri herufi 33 za kitabuni kunatosha, pole yake! Kwa mkono, "т" huandikwa kama m yetu, "д" kama g, "и" kama u, "п" kama n. Neno "лишишь" hugeuka msururu wa kulabu tupu. Ndiyo maana baadhi ya Warusi huweka kistari juu ya "т" na chini ya "ш". Sasa mhadhiri akijaza ubao, utanakili nini? Mimi nasema mwandiko ufundishwe tangu wiki ya kwanza. Kusoma chapa tu ni kujua nusu. Au mnasemaje?