Tusimsingizie Mola Yaliyoandikwa na Waja

Katika vijiji vya Kisarawe na vya jirani zao wa Kibaha, maiti akishazikwa na matanga yakaanuliwa, neno linalobaki midomoni mwa watu ni lile lile la siku zote: ndivyo alivyoandikiwa. Ni neno la imani, wala silitii kombo, kwa kuwa mja asiyekiri kudura ya Mola wake hana pa kuegemea siku ya dhiki. Walakini naona limezidi kutumiwa mahali pasipo pake, hata likawa pazia la kusitiri mikono ya watu. Ili kulibainisha jambo hili naomba shahidi kutoka mbali, mwandishi ambaye wengi humhesabu kuwa imamu wa wale wasemao kwamba mwanadamu ni mateka wa majaaliwa.

Shahidi huyo ni Thomas Hardy, mwana wa mwashi, aliyezaliwa Dorset, kusini-magharibi mwa Uingereza, mwaka 1840, akafariki mwaka 1928. Riwaya zake za maisha ya shamba, tangu Far from the Madding Crowd ya mwaka 1874 hata Jude the Obscure ya mwaka 1895, ambayo shutuma zake zilimfanya aiache riwaya na kushika ushairi, zimejaa mvua, baridi, nyika na misitu isiyojali kilio cha mtu, na kwa ajili hiyo husemwa kuwa wahusika wake huangamizwa na nguvu zisizoonekana. Mimi nadai kuwa asomaye kwa utulivu hukuta jambo jingine: maumbile huleta mtihani, lakini hukumu hutolewa na watu, na aghalabu hutolewa kwa karatasi.

Tazama The Woodlanders ya mwaka 1887. Mzee South, mgonjwa wa kitandani, hukesha akiutazama mti mrefu ulio mbele ya dirisha lake, akishikilia kwamba siku moja utamwangukia umuue. Tabibu kijana anaamuru ukatwe, na mzee anapoona mbingu tupu pale uliposimama anazimia, na jioni ya siku ile ile anakata roho. Hapo msomaji mwepesi atasema: ama kweli majaaliwa yana maajabu. Lakini mauti yale yalimwangukia zaidi mtu mwingine, Giles Winterborne, kijana hodari wa kupanda miti, ambaye nyumba zake zilikuwa chini ya mkataba uliokoma kwa kufa kwake mzee South. Mzee akazikwa, nyumba zikarejea kwa bibi mwenye milki, na baba wa mchumba akamwona Giles hafai tena kuwa mkwe. Uhai wa mzee ulikuwa mikononi mwa Mungu. Sharti la kuzifunga nyumba za kijana pamoja na uhai huo liliandikwa na mwanadamu, kwa faida ya mwanadamu.

Msomaji wa Maneromango, Mzenga, Soga au Kwala hahitaji kufasiriwa hadithi hiyo. Tangu Dar es Salaam ilipoanza kufurika na kutafuta pa kujinyoosha, dalali hufika kijijini kwa bodaboda, mnunuzi akimfuata kwa gari. Hatua huhesabiwa kwa miguu kutoka mkorosho huu hadi mnazi ule. Karatasi ya daftari huandikwa, na mzee aliyelirithi shamba kwa babu yake huchovya kidole gumba katika wino na kukikandamiza chini ya maneno asiyoweza kuyasoma, huku kiongozi wa kitongoji akigonga mhuri na kupokea chake. Haupiti muda mrefu fedha zimeishia katika matibabu, harusi na madeni, bikoni za saruji zimesimama shambani, na wana wa mzee wamegeuka kuwa walinzi wa ardhi waliyozaliwa juu yake. Wakiulizwa, husema riziki yao ndiyo hiyo. Ilhali Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji kwa amana ya wanakijiji wote, na haitaki mtu auze haki yake ya kimila pasipo kibali cha halmashauri hiyo. Riziki hutoka kwa Mungu, lakini mhuri ule hautoki kwake.

Na maumbile nayo husingiziwa vivyo hivyo. Mto Msimbazi hupata chemchemi zake katika vilima vya Pugu, jirani na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ambayo kwa miaka mingi imekatwa ili magunia ya mkaa yateremke mjini juu ya baiskeli na pikipiki. Vilima vikivuliwa nguo na mabonde ya chini yakijengwa nyumba, mvua kubwa zikishuka, Jangwani jijini Dar es Salaam hugharikisha watu na mali, kama ilivyokuwa mwezi Desemba mwaka 2011. Kisha tukaja kuishitaki mvua, ambayo haikufanya ila ada yake.

Lakini hakuna mahali tunapoikosea insafu kama tunapomhukumu binti. Katika Tess of the d'Urbervilles, ya mwaka 1891, msichana maskini aliyeharibiwa na mwanamume mwenye mali anakataliwa na mumewe usiku wa harusi kwa kosa la kusema kweli, ingawa mume huyo amekiri punde tu kuwa naye ana taksiri iliyo sawa na hiyo. Euphrase Kezilahabi, mwenyeji wa Ukerewe, alituletea mwaka 1971 dada yake Tess katika Rosa Mistika: binti aliyelelewa kwa ukali wa baba mlevi, akakataliwa na mchumba kwa kukosa ubikira, akajiua. Uzaramoni mwali aliwekwa ndani na kufundwa na kungwi, na nia ya mila ilikuwa stara. Lakini stara hiyo ikipasuka, aibu huvishwa binti peke yake, na mwanamume akaendelea na safari yake. Mwaka 2017 ilitangazwa, tena katika mkoa huu huu wa Pwani, kwamba mwanafunzi akipata mimba hatarudi shuleni. Mwaka 2021 Serikali ikamfungulia mlango. Amri ile ya kwanza ingekuwa ni maandishi ya mbinguni, ingewezaje kufutwa kwa waraka?

Atakuwapo wa kunijibu kwamba Hardy mwenyewe hakuchoka kuilaumu kudura, na kwamba maskini wetu wanahitaji subira kuliko ghadhabu. La kwanza ni kweli, ila hadithi zake zina hekima kupita maoni yake. La pili nalikubali nusu: subira ni ngome ya muumini katika yasiyozuilika, na katika yanayozuilika huwa ni hiba kwa dhalimu.

Basi walimu wa Kibaha na wa Minaki wanaposomesha riwaya za namna hii wasitosheke kuwauliza vijana ni bahati gani mbaya iliyompata mhusika, bali wawaulize nani aliandika sharti, nani alinufaika, na nani alinyamaza. Na nje ya darasa, kila hati ya kuuza shamba la kijiji isomwe kwa sauti katika mkutano mkuu, kwa Kiswahili kinachoeleweka, mbele ya mke na watoto wa muuzaji, kabla kidole chochote hakijachovywa katika wino. Baada ya hapo, atakayepata hasara kwa ukame au kwa ugonjwa wa mikorosho, tutamwambia kwa moyo mweupe kwamba ni amri ya Mungu.