Gavana aliyeufunga mlango wa shule

Kazi ya mlango wa shule ni kumpokea mtoto. Mwaka wa 1957, mjini Little Rock katika jimbo la Arkansas, Marekani, gavana Orval Faubus aliuwekea mlango huo askari wenye bunduki ili watoto 9 weusi wasiingie.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imekwisha kuamua mwaka wa 1954 kwamba kuwatenga wanafunzi kwa rangi kunakiuka katiba. Faubus alijitetea kwamba alihofia ghasia. Lakini tarehe 4 Septemba, Elizabeth Eckford, msichana wa miaka 15, alipofika peke yake katika Shule ya Upili ya Central, askari walimzuia yeye, si umati uliomwandama kwa matusi. Twauliza basi: walikuwa wakimlinda nani?

Ilimlazimu Rais Eisenhower kutuma wanajeshi wa taifa ndipo watoto hao wakaingia darasani tarehe 25 Septemba. Gavana hakukoma. Mwaka wa masomo wa 1958 hadi 1959 shule za upili za umma mjini humo zilifungwa, na wanafunzi zaidi ya 3,600, weusi kwa weupe, wakafungiwa nje. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Walimu nao, wakiwa wamefungwa na mikataba, waliripoti kila siku katika madarasa matupu.

Wako wanaosema kwamba kiongozi hana budi kufuata matakwa ya waliompigia kura. Hoja hiyo haina mashiko. Katika miaka ya kwanza ya utawala wa Faubus, shule kadhaa za Arkansas zilipokea wanafunzi weusi naye hakuzizuia. Alijua kwamba jambo hilo lawezekana. Hata hivyo alichagua kuchochea hofu, na hofu ikamlipa: alishinda ugavana mara 6. Kura nyingi hazigeuzi dhuluma ikawa haki.

Tena, wapiga kura wenyewe si wa rangi moja ya fikira. Mei 1959, baadhi ya wajumbe wa bodi ya elimu walipojaribu kuwafuta kazi walimu na wafanyakazi 44, wakazi wa Little Rock walipiga kura, wakawang'oa wajumbe hao. Agosti mwaka huo shule zikafunguliwa.

Sisi pia, chini ya mkoloni, tulikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Kwa hiyo, mwalimu anapofundisha historia hii asiishie kwa Faubus. Awaeleze wanafunzi habari za Ernest Green, mmoja wa wale 9, aliyevumilia mwaka mzima wa kudhihakiwa hadi akahitimu Mei 1958, mweusi wa kwanza kufanya hivyo katika shule ile. Gavana alikuwa na jeshi. Kijana alikuwa na vitabu. Aliyeshinda twamjua.