Kijana wa Saiba Anajua Kitu Chuo Hakifundishi

Wasee, kuna kazi moja haina jina mtaani lakini unaitegemea kila siku: kueleza teknolojia kwa mtu ambaye hataki kuijua, anataka tu imtoe kwa shida. Yule aliyeandika kile kikaratasi ndani ya boksi la simu. Yule anayekuonyesha kwa eCitizen ubonyeze wapi. Wanaitwa waandishi wa kiufundi, na sahii kila mtu anasema ChatGPT imewamaliza.

Mimi sikubali. Lakini pia sikubali vile tunawaandaa.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo mtasema nina chuki. Sina. Nilichoona ni somo zima kugeuka programu moja: bonyeza hapa, hifadhi pale. Ukimaliza miaka minne, hiyo programu iko na sura ingine, na wewe umeshika cheti cha sura ya zamani.

Angalia hapa kwetu tu. M-Pesa ilianza 2007 kwa menyu ya laini ya simu. Leo kuna apu juu yake. Oktoba 2024 NHIF ikaenda, SHA ikaingia, watu wakaambiwa wajisajili kwa *147#. Teknolojia ilibadilika. Nani alikaa na shosho akamwelezea mpaka akashika? Mara nyingi ni kijana wa saiba.

Nenda saiba yoyote mwisho wa Juni, watu wakikimbizana na tarehe 30 ya KRA. Mteja hasemi "nataka kuwasilisha ritani." Anasema "nimeambiwa nitapigwa faini na hata sina kazi." Kijana anauliza mawili tu: uko na PIN? Kuna pesa yoyote uliingiza mwaka jana? Anasikiliza, anatafsiri, ndio anabonyeza. iTax ikibadilisha sura usiku, kesho bado ana kazi, kwa sababu ujuzi wake hauko kwa kitufe. Uko kwa mtu.

Akili unde inaandika sentensi safi kukushinda, hapo tusidanganyane. Lakini haijaona simu ya nyanyako yenye kioo kimepasuka. Inaweza kukuandikia hatua sita za menyu iliyoondolewa kitambo, tena kwa ujasiri wote. Lazima kuwe na mtu wa kujaribu kila hatua kwa mikono yake, aseme: hatua ya nne ni uongo.

Basi vyuo, fundisheni hivi. Mwanafunzi aandike maelezo, ampe mtu asiyejua, kisha anyamaze aangalie anakwama wapi. Azoee kumuuliza injinia swali la kijinga bila aibu. Aweke tarehe kwa kila maelezo na arudi kuyarekebisha. Aandike Kiswahili watu wanaongea, siyo kile cha kutisha.

Najua waajiri wanauliza unajua programu gani. Sawa, fundisheni programu, lakini ziwe tatu tofauti, ndio mtu azoee kuhama. Anayejua moja anaogopa mabadiliko. Aliyehama mara tatu anauliza tu menyu iko wapi.

Na wewe uko kwa saiba sahii, unalipwa pesa ya chai kuwaelezea watu fomu za serikali: hiyo kazi iko na jina. Iandike kwa CV yako.