MBWA WA PORI ANALINDWA KWANZA KIJIJINI



Wengi kati yetu wanasema kulinda wanyama ni kazi ya walinzi wa parki na ya wazungu. Mimi nakataa. Shahidi wangu ni mbwa wa pori, yule tunayemwita lycaon katika Kifaransa.

Huyu si mbwa wa kijiji aliyetoroka. Mguu wake wa mbele una vidole vine tu, na mabaka yake hayafanani na ya mwenzake. Wanawinda pamoja, na wakisha kuua wanaacha watoto wakule kwanza. Hapa kwetu Bapere hatumwoni, sababu yeye si mnyama wa musitu kama wetu. Lakini hata katika mbuga amepunguka: Afrika nzima wanabaki karibu 6,600. Kule Akagera, Rwanda, parki iliyojulikana juu yake, waliisha katika miaka ya 1980.

Ni nini inawamaliza? Bunduki, sumu na mitego. Tena magonjwa ya mbwa wetu wa nyumbani: kichaa na ugonjwa wa Carré.

Huko Laikipia, Kenya, walikuwa wamepotea, na karibu mwaka 2000 wakarudi wenyewe, katika inchi ya wafugaji. Wafugaji hawakuambiwa tu «musiue». Ilionekana kwamba pale swala wadogo wangali wengi, mbwa wa pori hasumbui sana mbuzi. Mbuzi akichungwa muchana na mtu, na usiku akilala katika boma nzito, hasara inapunguka. Tangu 2015 mbwa wa vijiji wanachanjwa juu ya kichaa. Chanjo ile inaokoa hata mutoto wa mtu. Kazi haijaisha: mwaka 2017 ugonjwa wa Carré uliua wengi, maana chanjo ya kichaa haiuzuii.

Je, sisi hatuwezi? Hapa hapa Lubero, mwaka 1998, bami na watu wao walitenga pori la Tayna juu ya gorila. Serikali ililikubali mwaka 2006.

Mwenzangu atajibu: «Minerval yangu inatoka mutegoni.» Ni kweli, na simucheki. Lakini mutego wa kamba ya chuma hauchague: unakamata swala, sokwe, hata mbwa wako mwenyewe. Nyama ikiisha, wadogo zetu watalipa minerval na nini?

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Mbwa wa kuwinda wachanjwe, kila fasi chanjo inapatikana. Mutego usioangaliwa kila siku utolewe. Na wazazi wetu waulizie amri ya 2014, inayoruhusu jamaa ya kijiji kupewa pori lao, mpaka hektari 50,000, walitunze wenyewe.

Nuhu hakuchagua wanyama wapole tu. Hata wenye meno makali waliingia safina, na mtu aliyewafungulia mlango alikuwa jirani yao.

Prefe wa wanafunzi, darasa la sita