Kifusi cha Aberfan

Ajengaye mgodi wa makaa ya mawe hana budi kujua kifusi chake kitakwenda wapi. Kule Aberfan, Wales, Shirika la Taifa la Makaa (shirika la umma, si la bepari!) lilikirundika mlimani juu ya chemchemi. Tarehe 21 Oktoba, 1966, rundo liliporomoka likaua watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Baraza la uchunguzi lilitamka kuwa lawama ni ya Shirika. Hata hivyo, ili kuyaondoa marundo yaliyosalia, zilitwaliwa pauni 150,000 za rambirambi ya wafiwa. Zilirudishwa mwaka 1997, tena bila riba. Ndugu wafanyakazi, twadai gharama ya kusafisha itengwe na mwenye mgodi kabla makaa ya kwanza hayajatoka shimoni.